Siku ya mapumziko Tukuyu, kati ya Rungwe na Kitulo

Tuliingia Tukuyu siku ya nne ya safari, saa kumi jioni, mvua imetupiga tangu tukiwa msituni. Kila tukikanyaga, viatu vinatema maji. Tulikuwa watu watatu tunaotembea kwa miguu kutoka Mbeya mjini hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na tunaifanya safari hii kwa vipande: likizo ikiisha, kila mtu anarudi kazini, na likizo nyingine ikija tunaanzia palepale tulipoachia. Kipande hiki cha Desemba kilipita Uyole, kikapanda milima ya Uporoto hadi Ziwa Ngozi, kikashuka Isongole, kikapanda Mlima Rungwe wenye mita 2,960 na kuteremkia Tukuyu. Mbele yetu kulikuwa na Mwakaleli, uwanda wa Kitulo, halafu mteremko wa kwenda ziwani.

Naandika kuhusu siku moja tu, ile ya tano, ambayo hatukutembea. Ndiyo siku iliyotufundisha zaidi, na nusu yake tuliipoteza kwa kutojua.

Jambo la kwanza ni siku hiyo iwekwe wapi. Anayetembea miezi miwili mfululizo, nyayo zake zinakomaa wiki ya pili na hazimsumbui tena. Sisi wa vipande hatuna bahati hiyo. Kila likizo tunaanza na nyayo laini za ofisini, na kwa kawaida malengelenge hujitokeza kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa hiyo mapumziko yawe mapema, siku ya nne au ya tano, kabla lengelenge halijawa kidonda. Wengi wenye siku tisa za likizo huona kupumzika siku ya tano ni kuzichezea, wakajipa mapumziko siku ya nane kama zawadi. Siku ya nane huwa mguu umeshaamua wenyewe.

Tukuyu inafaa kwa kazi hii. Iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, si baridi kama Isongole wala joto kama Kyela. Ina soko, mafundi, maduka ya dawa, benki, hospitali ya wilaya ya Makandana, na Coaster za Mbeya na Kyela zinapita kutwa. Shida yake ni moja, mvua. Upepo wenye unyevu unatoka Ziwa Nyasa, unagonga milima, unapanda na kupoa, na maji yanaanguka hapo hapo. Ndiyo maana chai na migomba imestawi vile, na ndiyo maana mtu anaweza kukaa Tukuyu siku nzima nguo zisikauke. Mwezi kama Desemba jua ni la asubuhi. Kuanzia saa saba mchana mawingu yanajaa, na ikifika saa tisa kuna uwezekano mkubwa wa mvua. Kwa hiyo siku ya mapumziko ina saa tano au sita za jua, na kila kinachohitaji kukauka kinagombania saa hizo.

Sisi tulianza kukosea jioni ileile ya kufika. Njaa ilikuwa kali, tukaagiza nyama choma kilo moja na nusu na ndizi za kuchoma, tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Viatu tukaviacha kwenye mifuko ya plastiki nyuma ya mlango ili visichafue sakafu ya gesti. Kulipokucha, tumbo la mmoja wetu linaunguruma na viatu vimeloa vilevile tulivyoviacha, sasa vikiwa na harufu. Usiku mzima wa kukausha ulikuwa umepotea.

Inavyotakiwa ni hivi. Ukifika, kabla hujaoga, toa kamba za viatu, toa soli za ndani, fungua ulimi wa kiatu mpaka mwisho. Nunua magazeti ya zamani, yale wanayofungia maandazi na karanga, sokoni yanauzwa kwa kupima. Kunja kurasa vidonge vidonge, jaza kiatu mpaka kwenye vidole. Baada ya nusu saa yatoe, yatakuwa mazito kama uji ulioganda, weka mengine. Rudia baada ya saa mbili, halafu weka ya mwisho ya kulalia. Kiatu kimoja kinaweza kumaliza kurasa arobaini usiku mmoja. Asubuhi kitakuwa hakijakauka kabisa, lakini maji ya ndani yatakuwa yametoka, na jua la saa tano litakimalizia.

Kiatu kisikaushwe kwenye jiko la mkaa. Mwenzetu aliomba jiko kwa mama wa gesti saa kumi na mbili asubuhi, akaviweka viatu ubavuni mwake. Baada ya dakika ishirini soli ya kulia ilianza kuachia mbele, kwenye ncha. Gundi ya kiwandani inalainika kwa moto, na ngozi iliyoloa ikipata joto la ghafla inakakamaa na kupasuka.

Basi tukapeleka viatu kwa fundi. Mzee mmoja karibu na stendi, ana meza ndogo, mwavuli na redio. Alikishika kile kiatu, akabonyeza kwa kidole gumba pale soli ilipoachia, na maji yakachuruzika kwenye tundu za mshono. Akakirudisha. "Kiatu kibichi hakishiki gundi, mwanangu. Nikikupaka sasa, utanikumbuka vibaya ukiwa mlimani. Kipeleke juani, uniletee saa saba."

Tulipokirudisha, tulimwona anavyofanya, na yafaa mtu ajue ili amtambue fundi anayelipua. Alikwangua gundi yote ya zamani kwa kisu, pande zote mbili. Akasugua kwa msasa mpaka mpira ukawa na mikwaruzo. Akafuta vumbi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, akaacha ikauke. Akapaka gundi nyembamba kwenye soli na kwenye kiatu, akasubiri robo saa, akagusa kwa kidole. Gundi ilipokuwa inanata bila kuvuta nyuzi ndipo akaunganisha, akagonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayepaka na kubandika papo hapo gundi ikiwa mbichi, kazi yake haifiki hata Katumba. Baada ya hapo akashona kuzunguka soli yote kwa sindano nene yenye ndoano na uzi wa nailoni, uzi wenyewe ameupitisha kwanza kwenye mshumaa ili usinyonye maji. Alitutoza shilingi 8,000 kwa jozi nzima. Akasema kisivaliwe mpaka asubuhi. Kiatu kile kilifika Matema.

Kumbe hata kiatu kizima kinafaa kushonwa Tukuyu kabla ya kipande kinachofuata. Kitulo ni kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa halifiki mita 500. Ni zaidi ya mita elfu mbili za kuteremka, na soli inayoachia huachia kwenye mteremko.

Nguo na vitu vya kulalia vina mpangilio wake. Kosa letu lilikuwa kuanza na kufua soksi kwa sababu ndizo zinazonuka. Kamba ya nguo ya gesti ikajaa soksi na fulana saa mbili asubuhi, na mifuko ya kulalia, ambayo ndiyo inachelewa kuliko vyote, ikakosa nafasi mpaka saa sita. Mawingu yakaikuta mibichi. Kinachochelewa kukauka ndicho kitangulie: mfuko wa kulalia kwanza, ukiwa umegeuzwa ndani nje na kutandazwa juu ya kamba mbili ili hewa ipite katikati, kisha hema, kisha sweta, ndipo soksi na nguo nyepesi. Hema halihitaji kufuliwa wala sabuni ya unga, maana sabuni inaondoa ile dawa ya kuzuia maji. Lifute tope kwa kitambaa cha maji matupu, litandaze, baada ya saa moja limekauka. Soksi za sufu zikishakamuliwa zitandaze juu ya khanga kavu, uzikunje pamoja kama mkeka, uzikanyage kwa visigino. Khanga inanyonya maji mengi kuliko mikono inavyoweza kukamua. Baada ya hapo hata upepo wa kibarazani unazitosha.

Kwa hiyo unapochagua gesti, angalia ua kabla ya chumba. Sisi tulilipa shilingi 20,000 kwa chumba chenye choo ndani, na ndoo ya maji ya moto asubuhi na jioni. Kilichokuwa na thamani zaidi ya chumba ni kamba mbili ndefu uani na kibaraza kilichoezekwa, mahali pa kukimbizia vitu mvua ikianza. Na mwambie mhudumu mapema kwamba utaanika vitu vingi. Mama wa pale alipojua tunakwenda wapi alitupisha kamba yote, na mvua ilipoanza sisi tukiwa sokoni, ndiye aliyeviingiza.

Sasa miguu, ambayo ndiyo sababu ya kusimama. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha hasa katikati ya vidole, kaa nayo wazi. Kutwa nzima ni ndala, hakuna soksi. Lengelenge dogo lisilouma liache. Lililojaa na linalouma ukikanyaga, litoboe: sindano mpya au iliyopitishwa kwenye moto na kufutwa kwa spiriti, toboa pembeni, chini karibu na nyama, tundu mbili, bonyeza taratibu kwa pamba mpaka maji yaishe. Ngozi ya juu usiibandue, ndiyo bandeji yako. Mchana acha lipate hewa, usiku funika. Duka la dawa lililo jirani na soko lilikuwa na spiriti, pamba, plasta pana ya kukata na iodini. Vyote pamoja havikufika shilingi 10,000.

Kucha zikatwe siku hiyohiyo, zikatwe zikiwa zimenyooka, zisizidi nyama ya kidole. Kucha ndefu kwenye mteremko inagonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, inavia damu, inang'oka. Wawili wetu kucha za vidole gumba zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi kwa kushuka Rungwe tu.

Kidonda chenye usaha, wekundu unaopanda kuelekea kifundo cha mguu, au homa, havitibiwi gesti. Nenda hospitali asubuhi hiyo, usingoje jioni uone kama kitapungua. Na usitembee na kidonda cha namna hiyo kwenda Kitulo, kwa sababu ukizidiwa kule juu kumfikisha mtu barabarani kunaweza kuchukua siku nzima.

Chakula cha siku hiyo kiwe kidogo kidogo mara nyingi. Supu na chapati saa mbili, parachichi na ndizi saa nne, ndizi za kupika na maharage mchana, maziwa au mtindi jioni. Tumbo lililozoea uji na karanga kwa siku nne halipendi kushtuliwa na nyama kilo nzima usiku. Kunywa sana pia. Kwenye baridi mtu hajisikii kiu na anakauka bila kujua. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, hujanywa vya kutosha.

Chakula cha njiani ndicho tulichokipanga vizuri safari hii, kwa sababu safari ya kwanza tulibeba maharage. Maharage mlimani ni hasara. Kwenye mita 2,600 maji yanachemka yakiwa na nyuzi 91 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo yanatokota lakini hayaivishi, na mafuta yanaisha maharage yakiwa bado mawe. Hata mchele wa Kyela, mtamu kama ulivyo, unakula moto. Kwa mtu mmoja kwa siku tulipima hivi: unga wa lishe gramu 100, sukari 40, karanga za kukaanga 150, biskuti 120, tambi 200 na usipa wakavu (dagaa wa Ziwa Nyasa) 40. Jumla gramu 650, na kwa siku nne kilo 2 na gramu 600. Usipa wanapatikana soko la Tukuyu kwa sababu ziwa liko karibu, lakini wafunge mara mbili kwenye plastiki. Harufu yao ikiingia kwenye mfuko wa kulalia haitoki mpaka nyumbani. Tambi zivunjevunje zikae bapa. Dukani muombe mwenye duka akupimie kila kitu kwenye mizani yake na uhamishie kwenye mifuko midogo palepale, maboksi uyaache.

Muombe pia mwenye mizani ya magunia akupimie begi zima. Begi langu lilikuwa kilo 17. Niliondoa suruali ya jinzi, sufuria ya pili, taulo zito, dumu la lita tano na kitabu, likabaki kilo 13 pamoja na chakula. Vitu usivyovihitaji usivitupe. Vifunge kwenye kifurushi, andika jina na namba ya simu ya atakayekipokea Mbeya, mkabidhi konda wa Coaster, andika namba ya gari na ya simu ya konda, na mpokeaji ajue saa ya kwenda stendi.

Jikoni tulitumia jiko dogo la spiriti, maana mitungi ile midogo ya gesi ya kambini hatukuiona kokote mjini, ila spiriti ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kuchemsha nusu lita kunakula mililita 25 hadi 30, na zaidi kukiwa na upepo, kwa hiyo beba na bati la kukingia. Chupa yake iandikwe pande zote mbili na ikae mbali na chupa za maji. Moto wa kuni msituni usiwashe. Misitu ya Rungwe na ile ya Livingstone ndiyo makao ya kipunji, kima ambaye sayansi ilimtambua mwaka 2003 tu, na anaishi sehemu chache mno za nchi hii. Msitu ule una haki ya kukutwa ulivyo na wanaokuja baada yetu.

Simu na tochi zichajiwe mara tu umeme ukiwepo, usiseme nitachaji usiku. Pesa itolewe kwa noti za 1,000 na 2,000, vijijini chenji hakuna. Dawa ya mbu inunuliwe Tukuyu ingawa Tukuyu mbu ni wachache, kwa sababu Matema ni ukanda wa joto na malaria iko. Malipo ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Kitulo hayapokelewi kwa fedha mkononi, kwa hiyo wasiliana na hifadhi na ukamilishe malipo ukiwa na mtandao. Vijijini, kabla ya kupiga hema, piga hodi kwa mtendaji au mwenyekiti. Ukianza na "ndaga" hata kama Kinyakyusa chako kinaishia hapo, watu wanakupokea vingine.

Saa kumi jioni tulifanya jaribio. Kila mmoja alivaa soksi kavu na viatu (mwenye kiatu cha fundi akaazima vya mhudumu), akabeba begi lililojaa, tukapanda kilima cha kuelekea bomani na kushuka, dakika ishirini. Mguu uliopumzika siku nzima unadanganya ukiwa kitandani. Unasema kweli ukibebeshwa. Kama unauma ukipanda, ni kisigino, na huenda plasta na siku moja ya ziada vikatosha. Kama unauma ukishuka, fikiria zile mita elfu mbili.

Mwenzetu wa tatu alirudi anachechemea. Lengelenge la kisigino lilikuwa limepasuka tangu Rungwe, na asubuhi, badala ya kwenda kliniki, tulikuwa tumemshawishi tukatembee naye mjini, saa mbili nzima kwa miguu, kwa sababu tuliona vibaya kukaa tu. Hilo ndilo kosa linaloniuma mpaka leo. Vivutio kama Daraja la Mungu, Kijungu na vingine vya Rungwe vinapendeza na vina siku yake, lakini siku ya kupumzisha miguu mtu akae na miguu iwe juu ya mto. Saa kumi na moja daktari alikitazama kisigino, akakuta usaha umeanza, akasema wiki nzima hakuna kiatu.

Alilia kidogo, na sisi tukakosa la kusema. Halafu tukafanya kinachofanywa na watu wa vipande. Tulikwenda naye kwa bajaji mpaka kwenye kibao ambapo mguu wake ulikuwa umeishia jana yake, tukapiga picha kibao na yeye amesimama pembeni, akaandika tarehe, saa na jina la mahali kwenye daftari. Kipande chake kitaanzia hapo Juni. Chakula chake tuligawana kiasi, kingine akakirudisha pamoja na vifurushi vyetu, na hatukuhitaji tena konda.

Asubuhi saa kumi na mbili Rungwe ulikuwa wazi mpaka kileleni. Yeye alipanda Coaster ya Mbeya, sisi tukashika njia ya Katumba, pale inapoachana na barabara kuu kwenda Mwakaleli. Viatu vilikuwa vikavu.